Turudishieni Veranda

Sikiliza taarifa ya habari yoyote mwezi wa Aprili. Utaambiwa kwamba "hali mbaya ya hewa" itaendelea kushuhudiwa magharibi mwa nchi. Mbaya kwa nani? Mama yangu akisikia hivyo anacheka, maana yeye ana mbegu ardhini tayari, na wangetangaza hali nzuri ndipo angeanza kuomba. Lakini neno limeshakwama. Kila mwaka linarudi na sauti ile ile ya kutangaza msiba.

Sisi waandishi nasi hatuna nafuu. Chukua hadithi kumi za vijana wa rika langu uhesabu mara ngapi mvua inanyesha mtu anapoachwa. Mhusika yuko dirishani. Mkononi ana kikombe cha kahawa, ambayo mwandishi mwenyewe hainywi kwa sababu kwao ni chai. Matone kwenye kioo, machozi kwenye shavu, tumeelewa, asante. Daima kuna dirisha. Na ng'ambo ya dirisha hakuna mtu hata mmoja, kana kwamba mji mzima umehama kwa heshima ya mapenzi yake.

Mimi nataka kumtetea aliye nje. Na nataka kusema ni nani anayemwibia.

Naandika kutoka Mukumu, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mahali ambapo mvua si habari. Kaunti hii hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi, na mvua yenyewe ina ratiba kuliko matatu zetu. Asubuhi ni jua safi. Kufikia saa sita fukuto limeshika, shati linanata mgongoni, hata mbwa hawabweki. Upepo wa Ziwa Victoria unapanda na unyevu wake, unakutana na upepo wa mashariki karibu na milima ya Nandi, na kati ya saa nane na saa kumi mbingu zinafunguka. Wakati Nairobi inatetemeka kwa baridi kavu ya Juni na Julai, huku bado inanyesha. Mtu wa huku haulizi kama itanyesha. Anauliza itakwisha saa ngapi.

Sasa mvua ikianza, mji hufanya nini? Unakimbilia chini ya paa lililo karibu. Si paa lako. Paa la yeyote. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mji unapoanza kuwa mji, maana dakika tano zilizopita ilikuwa ni barabara tu yenye watu wanaopitana.

Nenda usimame kwenye veranda ya maduka ya zamani mjini Kakamega saa tisa alasiri. Utakuta karani mwenye soksi zilizolowa, msukuma mkokoteni, wasichana wawili wa sekondari wanaoficha vitabu ndani ya sweta, boda boda watatu waliozima pikipiki, na kukhu mmoja aliyekuja kuchukua dawa na ambaye tayari ameshapewa kiti, hakuna anayejua kimetoka wapi. Fundi cherehani anaendelea kukanyaga cherehani yake katikati ya umati kama hakuna kilichotokea. Mabati yanapiga kelele kiasi kwamba lazima useme karibu na sikio la mtu usiyemjua. Kwa hiyo unasema. Bei ya mbolea. Mwalimu fulani amehamishwa. Yule pale anayekimbia ameteleza, amesimama, anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Veranda nzima inampigia makofi.

Na chakula. Aprili ni njugu karanga kwenye karatasi iliyosokotwa, bado zina joto, au chai ya maziwa na mandazi kwa anayeweza kujipenyeza hadi kwenye kibanda. Mahindi mabichi hukomaa Juni na Julai, na hapo ndipo jiko la mkaa linasogezwa ukingoni mwa veranda, moshi unaingia ndani na sisi wote, na unachagua hindi lako kwa kulikandamiza kwa kidole gumba huku mama akikuonya, "Usiniharibie, chukua tu hilo, ni laini." Ndimu, pilipili, chumvi. Asiyejua hindi la kuchoma linavyoonja mvua ikiwa inanyesha mita moja kutoka puani pake asinieleze habari za mkahawa wa kisasa.

Lakini raha kubwa si chakula. Raha kubwa ni ruhusa. Mvua ndiyo sababu pekee ya kuchelewa ambayo hakuna bosi, mke, mume wala mwalimu anayeweza kuipinga. Unapiga simu, unasema "imeninasa", na aliye upande wa pili anasikia mabati na kunyamaza. Kwa nusu saa hudaiwi. Nchi hii inayotuhimiza tujitume alfajiri hadi usiku, inayotuuliza kila mkutano umejiajiri wapi, kwa nusu saa inakosa la kusema. Maskini na asiye maskini wamesimama tu, wanatazama maji.

Usiku kuna zawadi nyingine. Msimu wake ukifika na ardhi imeshiba, kumbikumbi wanatoka, tsiswa kama tunavyowaita, na hawaendi kwingine ila kwenye taa. Vijijini watu hugonga vijiti juu ya kichuguu ili mdudu adhani ni mvua. Mjini hatugongi. Mulika mwizi inatufanyia kazi. Chini ya ile nguzo ndefu ya taa utakuta watoto na mabeseni ya maji, mabawa yamejaa hewani kama makapi, na mwanamume mzima mwenye tai ameinama anaokota. Asubuhi wanauzwa kwa kikombe, wamekaangwa kwa chumvi.

Haya yote hayana tiketi. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ndiyo maana nina hasira.

Kakamega ilipovuma kwa dhahabu baada ya 1931, wafanyabiashara waliomiminika, Wahindi wengi wao, walijenga maduka ya aina tunayoijua sote Afrika Mashariki: paa linatokeza mbele, nguzo zinalishika, na chini yake kuna sakafu ya saruji ya mtu kusimama. Hata vituo vyetu vidogo, Khayega na Mukumu, viliiga: kila duka na kibaraza chake. Hakuna aliyekiita kibaraza hicho msaada. Duka lilikuwa linatega wateja kivulini. Lakini tuliokuwa tunanyeshewa tulifaidika vilevile.

Sasa angalia yanayojengwa leo. Kioo kutoka chini hadi juu, kimesukumwa mbele hadi kwenye mtaro. Ngazi za vigae vinavyong'aa, vinavyoteleza tone la kwanza likianguka. Juu ya mlango kuna kijipaa cha urembo ambacho hakiwezi kumkinga kuku. Na pale ambapo veranda ya zamani imebaki, imefungwa kwa vyuma na kupangishwa kwa mtu wa kutuma pesa na mtu wa vifuniko vya simu. Silaumu hao wawili, kila mtu anatafuta. Namlaumu aliyehesabu kila futi kama kodi na asiione nafasi ya mtu kusimama.

Kuna jengo moja jipya, halina haja ya jina. Tulijibanza mlangoni pake watu kama kumi na wawili, mvua ya mawe imeanza. Soja akaja, kijana wa umri wangu, anaona haya waziwazi. "Mama, samahani, si mimi," akamwambia mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Mwenye nyumba anatuona kwa kamera." Yule mama akamtazama, koti lake linachuruzika, maana hata yeye hawakumjengea pa kusimama. "Mwanangu," akamwambia, "na wewe nani atakufukuza?" Kisha tukaondoka, tukavuka barabara, na wengi wakaenda kusimama chini ya mti.

Chini ya mti. Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi nchini. Kila mtoto wa shule huku ameambiwa asijikinge chini ya mti wakati wa ngurumo. Halafu tunajenga mji ambao paa lote lina mwenyewe na mti pekee ndio wa umma.

Najua majibu, nimeyasikia. La kwanza ni kwamba kundi la watu huziba mlango na kuficha wezi. Muulize mwenye duka wa zamani wakati wa mvua ameuza nini: miavuli, mifuko, biskuti, kadi za simu, na mara nyingine shati zima kwa mtu aliyelowa. Na mwizi wa mjini hapendi mahali ambapo watu thelathini wamesimama bila la kufanya isipokuwa kutazama.

La pili ni zito zaidi. Wewe unasifu mvua, wanasema, na mvua inaua. Kweli. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, makumi kati yao usiku mmoja Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezibwa yalipopasuka. Siwezi kuandika kana kwamba hayakutokea. Lakini angalia lugha iliyofuata. Tuliambiwa tena ni hali ya hewa, kana kwamba mawingu ndiyo yaliyoidhinisha majengo kwenye njia ya maji na kuacha mitaro imeziba. Kisha matingatinga yakaenda Mathare kubomoa nyumba za walioponea mafuriko. Anayeiita mvua adui ana faida moja: adui akishinda, hakuna anayeulizwa ramani ilipitishwa na nani. Mji unaosahau kwamba maji yanahitaji njia ndio huo huo unaosahau kwamba watu wanahitaji paa. Ni uzembe mmoja, sema ule mdogo haupati siku ya maombolezo.

La tatu hulisema marafiki zangu wa Nairobi: si uingie mkahawani? Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, ninayeishi kwa kuandika maelezo ya viatu na sufuria za watu nisiowajua, malipo yakija yakitaka, niingie mkahawani kila saa tisa kwa miezi minane? Na yule wa mkokoteni aingie nao? Raha inayoanza kwa menyu haiwezi kuchukua nafasi ya ile ninayoizungumzia, kwa sababu mlango wake umeshachagua nani akae na nani.

Wakubwa wetu wanapenda kutuambia tunakwenda Singapore. Sawa, twende. Singapore iko karibu na ikweta kama sisi, ina fukuto kama letu na mvua ya alasiri kama yetu. Mwaka 1822 Raffles, mkoloni wa Kiingereza ambaye sina sababu nyingine ya kumsifu, alipoagiza mji ule upangwe, aliamuru kila nyumba iwe na veranda mbele, iwe wazi wakati wote, na zote ziungane ziwe njia moja yenye paa pande zote mbili za barabara. Mpaka leo watu wanapita humo, na serikali imeongeza njia nyingine zenye paa kutoka vituo vya treni na mabasi. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha ya minara ya Singapore nitamwomba ashushe macho, aangalie chini miguuni pa hayo majengo.

Na kama hataki kwenda mbali, aende Zanzibar. Baraza za mawe za Mji Mkongwe ni viti vya mazungumzo, kila mtu anajua, lakini vichochoro vikijaa maji wapita njia hupanda juu yake na kuendelea na safari. Ukuta wa mtu binafsi, njia ya watu wote. Mwenye nyumba hafi.

Kwetu hakuna haja ya kungoja mwujiza. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 imeiachia kaunti kazi ya kuidhinisha ujenzi. Hakuna ghorofa linaloinuka kihalali kabla ya mtu fulani ofisini kutazama ramani. Mtu huyo anahesabu maegesho ya magari. Angeweza kuhesabu na mita mbili za paa la mbele, bila vyuma, bila kupangishwa. Na anayesema mita mbili ni hasara kubwa kwa mwekezaji atueleze wale wauza maduka wa 1931, waliokuwa wakihesabu kila senti, walizimudu vipi.

Wanachi tunaitwa kutoa maoni kuhusu mipango na bajeti ya kaunti kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni, yaani katikati ya msimu. Mwaliko kwa kawaida huandikwa saa nne asubuhi, kwa hiyo tutafika wakavu. Mimi nitakwenda. Ningependa tuwe wengi, na ningependa kikao kirefuke hadi saa tisa, wao na sisi tutoke pamoja mlangoni, tutazame juu.