Saratani ya matiti: Picha za Nairobi hazitoshi bila kipimo cha kinyama

Baadhi ya wagonjwa wa saratani katika kanda hii huvuka mpaka kwenda Nairobi kutafuta vipimo vya picha ambavyo ni adimu makwao. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zote zina mashine za PET-CT. Kwa wanawake wenye saratani ya matiti, swali ni hili: je, picha yaweza kubainisha aina ya saratani bila uvimbe kuchomwa sindano?

Jibu lake ndilo huamua tiba. Saratani inayokua kwa msukumo wa homoni hutibiwa kwa dawa kama tamoxifen. Ile yenye protini ya HER2 kwa wingi huhitaji trastuzumab. Isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2 hutegemea zaidi tibakemikali. Anayepewa dawa isiyolingana na aina yake hupoteza fedha na, lililo zito zaidi, muda.

Picha hutoa dalili. Saratani ya HER2 mara nyingi huonesha chembechembe za chokaa kwenye mamografia. Ile isiyo na vipokezi vyote vitatu, ambayo hukua kwa kasi, yaweza kuonekana ya mviringo yenye kingo laini, hata ikadhaniwa kuwa uvimbe usio na madhara. Hapo ndipo picha peke yake huweza kumtuliza mgonjwa asiyestahili kutulizwa.

Mwaka 2020, Marekani iliidhinisha fluoroestradiol, kemikali yenye mnururisho inayojishikiza kwenye vipokezi vya estrojeni na kuvionesha katika picha ya PET. Faida yake ni kuutazama mwili mzima, kwa kuwa saratani iliyosambaa mifupani yaweza kutofautiana na ile ya titi. Hata hivyo, iliidhinishwa kwa wagonjwa ambao saratani yao imerejea au kusambaa, tena kama nyongeza ya kipimo cha kinyama. Isitoshe, nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, hivyo haiwezi kusafirishwa mbali.

Kwa hiyo, serikali za kanda zinazotamani mashine kubwa hazina budi kutazama kwanza maabara za patholojia. Huko ndiko kinyama hupimwa vipokezi, na mafanikio hutegemea mambo yanayoonekana madogo: kemikali za kupimia zisikatike, wataalamu wawepo, na kinyama kitiwe kwenye fomalini mapema. Kikicheleweshwa, vipokezi huharibika, na mwanamke aliyestahili tamoxifen huandikiwa kwamba haimfai.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake uliozinduliwa mwaka 2021, linataka uchunguzi wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya. Siku hizo hazikamilishwi na picha pekee. Anayerudi kutoka Nairobi na bahasha ya picha, bila majibu ya vipokezi, anamletea daktari wake ramani ya mahali ugonjwa ulipo. Dawa ya kuukabili bado haijajulikana.