Kifua Kikuu Hufuata Njia za Biashara Ziwani

Mfanyabiashara wa Mwanza huipima wiki yake kwa bei ya sangara mwaloni, kwa gunia la dagaa pale Kirumba na kwa mwezi ulioko angani. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki vizuri na fedha hupungua sokoni. Hesabu hiyo ni sahihi, ila kuna safu moja inayoachwa wazi: afya ya wanaovuta nyavu. Kifua kikuu ni gharama ya biashara kama yalivyo mafuta ya injini, na hakina budi kuandikwa katika daftari.

Ugonjwa huu hauenei ovyo. Ukichorwa kwenye ramani utaonekana ukifuata kazi na makazi ya watu. Vijidudu vyake hupita katika hewa, kutoka kwa anayekohoa kwenda kwa anayelala naye chumba kimoja. Ndiyo maana hustawi penye msongamano: katika vibanda vya makambi ya wavuvi visiwani Ukerewe na Kome, na katika vyumba vya kupanga visivyo na madirisha ya kutosha kwenye vilima vya mawe vya Igogo na Mabatini. Huko Geita, vumbi la mawe katika maduara ya wachimbaji wadogo hudhoofisha mapafu na kuufungulia ugonjwa mlango. Lishe duni na Virusi vya Ukimwi humaliza kazi iliyobaki.

Dawa zenyewe hutolewa bure. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 1977, ikishirikiana na Dk. Karel Styblo, na uzoefu wake ulitumiwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 kujenga mkakati wa DOTS uliosambazwa nchi nyingi. Kasoro, basi, haiko katika dawa. Iko katika nauli ya mtumbwi na katika siku ya kazi inayopotea. Kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki hapati kitu siku anayoshinda zahanati. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa kifua kikuu duniani hubeba gharama zinazozidi asilimia 20 ya pato lao la mwaka.

Tena matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na samaki hawasubiri miezi 6. Samaki wakihama, wavuvi nao huhamia kambi nyingine, na kadi ya mgonjwa hubaki kisiwa alichotoka. Dozi ikikatizwa, vijidudu huweza kupata usugu, na kumtibu mtu huyo huwa ghali zaidi.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya Wizara ya Afya, kwamba mfanyabiashara amekwisha lipa kodi yake. Historia ya sangara inajibu hoja hiyo. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukawazuia tena wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vilipoona hasara, fedha za sakafu, barafu, maji safi na ukaguzi zilipatikana. Samaki alijengewa mazingira safi. Mvuvi aliyemvua aliendelea kulala palepale.

Kinachotakiwa sasa si mtaji mkubwa. Tajiri wa mitumbwi aweke madirisha katika vibanda vya kambi yake, alipe nauli ya zahanati na amshikie mgonjwa nafasi yake ya kazi. Anayefukuza mtu kwa sababu ya kikohozi huwafundisha waliobaki kukificha, na akifichaye huambukiza chombo kizima. Anayemeza dawa sawasawa, kwa kawaida huacha kuambukiza wenzake baada ya wiki chache, na ujuzi wake wa ziwa haupotei.

Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limefupisha safari kati ya Mwanza na Geita. Bidhaa zinapita haraka, na vibarua pia. Giza la mwezi litakaporudi na taa kuwashwa ziwani, tajiri atahesabu mitumbwi yake. Ahesabu na wanaokohoa ndani yake.