Mama Alipokataa Maji Jangwani

Akina mama wenzangu, mwezi huu tuzungumze juu ya kusafiri na wazee wetu. Nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, ingawa ni muuguzi wa miaka mingi na nilipaswa kuyaona mapema.

Aprili 2019 nilikuwa Kalifornia, Marekani, pamoja na mama yangu mzazi, kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Shemeji alikodi gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo, atutembeze milimani na jangwani. Tulikuwa sita pamoja na watoto wao wawili.

Tulifuata barabara ya 395 kando ya milima ya Sierra Nevada. Katika mji mdogo wa Lone Pine tuliuona mlima Whitney, wenye urefu wa meta 4,421, ukiwa na theluji. Mama akasema amekumbuka kwao Moshi. Kisha tukaelekea Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Barabara hupanda hadi kama meta 1,500 pale Towne Pass, halafu huteremka mpaka chini ya usawa wa bahari. Shemeji aliteremka kwa gia ndogo ili breki zisipate moto mno.

Bonde hilo ndilo lililopimwa joto la nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Sisi hatukukuta joto kama hilo, lakini upepo ulikuwa kama wa kufungua mlango wa tanuri. Tulisimama Badwater, meta 86 chini ya usawa wa bahari, mahali penye chumvi nyeupe hadi macho yanapoishia. Watoto wakakimbilia nje. Mama alipoinuka kitini, akayumba, akashika meza.

Nilimshika mkono. Mapigo yalikwenda mbio, tena dhaifu. Midomo ilikuwa imekauka. Jasho sikuliona, kwa maana jangwani hukauka kabla hujalihisi.

"Mama, umekunywa maji lini?"

Akashusha sauti. "Mwanangu, nitakunywaje? Choo kile kiko hatua chache tu nyuma ya mkwe wangu. Atasikia kila kitu."

Tangu asubuhi alikuwa amekunywa nusu kikombe cha chai! Tulibeba tangi zima la maji, na mama yangu amekaa karibu nalo na kiu yake.

Nilimlaza, nikainua miguu yake, nikamfunika shingo kwa khanga iliyoloweshwa. Nikachanganya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, nikamnywesha kidogo kidogo. Baada ya saa moja hivi nguvu zilianza kurudi.

Mdogo wangu alimnong'oneza mumewe. Shemeji hakusema neno. Lakini kuanzia hapo, kila baada ya muda aliegesha gari akasema, "Watoto, twendeni tukanyooshe miguu," akawapeleka mbali kidogo, nasi wanawake tukabaki. Kesho yake Mama aliomba maji mwenyewe. Usiku akaniambia, "Kijana huyu amelelewa."

Dada mpendwa, mzee hahisi kiu upesi kama wewe. Usingoje aombe. Wahifadhi wa Death Valley hushauri mtu anywe angalau lita 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize daktari wake kwanza. Angalia midomo iliyokauka, mkojo mzito wenye rangi ya chai, kizunguzungu anaposimama. Akianza kuchanganyikiwa, au mwili ukiwa wa moto sana, mpoze mara moja huku mkimkimbiza hospitali.

Lakini dalili hizo nilizijua tangu chuoni, wala hazikunisaidia. Sikujua aibu ya mama yangu. Hata katika mabasi yetu wapo akina mama wanaosafiri kutwa bila tone la maji kwa sababu hiyo hiyo. Basi kabla hamjaondoka, mwite mama yako au mama mkwe wako kando, mwulize taratibu atajisaidia wapi njiani. Akishapata jibu la hilo, maji atakunywa.