Maneno ya Afya: "Ipo" maana yake nini?



Juma lililopita tulikwenda kumwangalia mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa ya kueleza mambo yaliyompata, ili mwingine apone. Mama huyu ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi moja alimeza dawa yake, akaenda shamba bila kula kitu. Saa tano alirudi anatetemeka, jasho linamtiririka hata nguo imelowana, anajibu maneno ambayo hakuna mtu aliyemwuliza. Jirani akasema: "Tumpe chai yenye sukari." Binti yake akamzuia: "Hapana! Mganga alituonya juu ya ipoglisemi. Sukari ipo, imemzidi. Mkimpa chai mtamuua."

Basi wakakaa wanamwangalia tu, na yeye anazidi kulegea. Bahati nzuri bibi mmoja, ambaye zamani aliuguza mume wake kwa ugonjwa huohuo, akafika. Akakoroga sukari katika maji, akamnywesha polepole. Kabla ya nusu saa kupita, mama yule aliuliza nani ameacha mlango wa kuku wazi. Binti akalia sana. Hakukosa upendo kwa mama yake. Alikosa maana ya neno moja.

Kwa sababu hiyo, leo tunayafungua maneno haya ya waganga, moja baada ya lingine, kama tunavyofungua mafungu ya sombe sokoni kuona ndani kuna nini.

Tuanze na DIABETI. Ni neno la Wagiriki, na maana yake ni kupita kati, kama maji yanavyopita katika mpira wa kunyonyea maji. Mganga mmoja wa zamani, Aretayo, alieleza ugonjwa huu miaka zaidi ya 1,800 iliyopita. Alikuwa mtu wa Kapadokia, jina ambalo tunalisikia kila Pentekoste katika somo la Matendo ya Mitume. Alisema mgonjwa hana raha ya kuacha kunywa wala kuacha kukojoa, na nyama ya mwili wake ni kama inayeyuka na kutoka katika mikojo. Wamama, tuyashike maneno hayo. Mtu akikonda ghafula, akinywa mtungi mzima na kuamka usiku mara tano, tusianze kutafuta nani amemloga. Ugonjwa huo ulijulikana Kapadokia kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Tumpeleke kupimwa.

Kwa Kifaransa waganga huongeza neno: diabeti "sukre". Katika Kilatini neno lenyewe ni "mellitus", maana yake yenye asali. Wahindi wa kale waliita ugonjwa huu "mikojo ya asali", kwa sababu waliona sisimizi wanaikimbilia mikojo ya mgonjwa. Mwaka 1776, mganga Mwingereza Matthew Dobson alichemsha mikojo ya mgonjwa mpaka ikakauka, akaona kilichobaki chini ni sukari.

Na neno SUKARI lenyewe lilitoka Uhindi, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa changarawe. Likapita kwa Waajemi na Waarabu, likatufikia sisi kama "sukari", na likawafikia Wafaransa kama "sucre". Ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini jina hili linatudanganya kidogo. Wengi wanafikiri: mimi situmii sukari, basi sitaugua. Bukari ya mihogo ikifika tumboni inageuka sukari, na wali vilevile, na ndizi vilevile. Sukari ya damu haitoki katika kopo la sukari peke yake.

Sasa tufike kwenye neno lililotaka kumwua mwenzetu. GLISEMI ni maneno mawili ya Kigiriki yaliyoungana: tamu, na damu. Maana yake ni kipimo cha sukari iliyo katika damu. Ile "emi" ya mwisho mnaijua tayari. Ndiyo ile ya "anemi", ugonjwa wa watoto wetu wanaoishiwa damu kwa malaria. "Emi" ni damu.

Mbele ya glisemi waganga huweka moja ya vipande viwili. IPER maana yake ni juu, kupita kiasi. Mnaisikia katika "ipertansio", pale damu inaposukuma kwa nguvu mno. IPO maana yake ni chini, pungufu. Kwa Kifaransa maneno haya huandikwa na h mbele, lakini h hiyo haisikiki. Na hapo ndipo mtego ulipo kwa sisi wenye Kiswahili: tulichofundishwa shuleni ni kwamba "ipo" ni kitu kinachopatikana. Mganga akisema "ipo", sikio letu linasikia sukari ipo, ni nyingi. Kumbe yeye anasema kinyume kabisa: sukari imekwisha, imeshuka mno.

Ili tusisahau, tukumbuke hivi. Ipo inaishia na O, mviringo kama shimo: sukari imeanguka shimoni. Iper inaishia na R, ya kuruka: sukari imeruka juu.

Neno la mwisho ni INSULINI. Linatoka katika neno la Kilatini "insula", yaani kisiwa. Mwaka 1869 mwanafunzi Mjerumani, Paul Langerhans, aliona ndani ya kongosho vifungu vidogo vilivyokaa pekee kama visiwa. Sisi watu wa ziwa tunaelewa mara moja. Mwaka 1889, mwaka uleule Adriano Atiman alipofika Karema ng'ambo ya ziwa letu kuanza kazi yake ya uganga, waganga wawili huko Strasbourg waliona kwamba mbwa aliyetolewa kongosho anapata diabeti. Mwaka 1909 Mbelgiji Jean de Meyer aliipa dawa hiyo jina hata kabla ya mtu yeyote kuipata. Ikapatikana Toronto mwaka 1921. Mwezi wa kwanza wa 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa, akaishi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu wazazi wake walikuwa wakimngojea kufa.

Basi tufanye nini nyumbani?

Mtu wa sukari akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akisikia njaa kali ao akisema ovyo, hiyo ni ipo. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mrudilie. Akipata nafuu, ale chakula. Kama amezimia, msimtie kitu kinywani kwani atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbilieni kituo cha afya.

Kiu kubwa, mikojo mingi, macho yenye ukungu na mwili kuchoka, hiyo ni iper. Huja polepole zaidi, na dawa yake iko kwa mganga.

Na kama hamjui ni ipi, na mgonjwa yuko macho, mpeni sukari kisha mpelekeni kwa mganga. Sukari ya chini inaua kwa saa chache. Ya juu kwa kawaida inatupa nafasi ya kufika. Wenye mashine ya kupimia: chini ya 70 ni ipo. Asubuhi kabla ya kula, 126 ao zaidi, ikipatikana mara mbili, mganga anasema ni diabeti.

Tena wamama, mganga akitamka neno tusilolielewa, tusiitikie "ndiyo" kwa haya. Tumwulize: ni juu ao ni chini? Kuuliza si ujinga. Binti wa mwenzetu sasa ameandika maneno mawili kwa makaa ukutani, juu ya mtungi: IPO, CHINI. IPER, JUU. Jumapili, baada ya Misa, tutaomba kila mmoja ayaseme bila kusoma.

Tukutane juma lijalo.