Filamu ya mwanafunzi nayo ni zao, itafutiwe soko kabla ya kupandwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchuuzi wa nyanya wa Kariakoo anajua kwamba usemi huo hautoshi. Nyanya ya Ilula inaweza kuwa nzuri kuliko zote sokoni, lakini ikishushwa Dar es Salaam alfajiri bila mnunuzi kujulikana, ifikapo jioni inauzwa kwa bei ya kutupa. Shamba lilitunzwa vizuri. Mpango wa soko ndio uliokosekana.

Hali hiyo hiyo inawakuta vijana wanaosomea filamu, wawe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa TaSUBa Bagamoyo au wa vyuo vidogo vya mjini. Wengi wao huvutiwa na hadithi za uhalifu wa mjini: uporaji wa simu, wizi wa vipuri vya magari, magenge ya mitaani. Husema filamu zao ni za vijana wenzao wa miaka 13 hadi 17. Lakini filamu ikikamilika huonwa na mwalimu, wanafunzi wa darasa moja na ndugu wachache, kisha inawekwa kabatini. Zao limeozea ghalani.

Jambo hili linamhusu mkulima na mfanyabiashara mdogo moja kwa moja. Mwanafunzi hana benki inayomkopesha. Kamera ya kukodi, nauli za waigizaji na chakula cha siku za kupiga picha hulipwa na mzazi, na mara nyingi mzazi huyo ameuza magunia ya mahindi au amepunguza mtaji wa genge. Fedha hiyo ikipotea, familia ndiyo imepata hasara.

Mteja yupo, afuatwe aliko

Si kweli kwamba vijana wa Dar es Salaam hawapendi filamu. Pita Kariakoo, Ilala au Buguruni mchana, utawakuta kwenye vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza, wamebanana kwenye mabenchi. Wengine wamesimama kwenye meza za vijana wanaojaza filamu kwenye flashi na simu kwa malipo kidogo. Kijana wa umri huo ana hela ya vocha na ya chipsi, hana hela ya tiketi ya sinema ya kisasa pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Mtayarishaji anayesubiri ukumbi mkubwa wa Mlimani City ni sawa na mkulima wa mchicha anayesubiri meli ya kwenda Ulaya.

Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana hadi Kariakoo kulalamikia filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa bila stempu ya kodi, wakati kazi zao zilitakiwa kuwa na stempu hiyo tangu mwaka 2013. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Hata hivyo, maandamano hayamrudishi mteja. Kijana alinunua filamu ya nje kwa sababu ilikuwa rahisi, ilikuwa jirani, na mara nyingi kulikuwa na mtu anayeisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu jijini kwa kazi hiyo ya kusimulia. Watu walifuata sauti yake kama walivyofuata picha.

Mfano wa filamu ya wanafunzi iliyofanikiwa uko jirani, Nairobi. Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga. Filamu hiyo ilizaliwa katika warsha ya mafunzo ya One Fine Day Films, ambako vijana wa Kiafrika walifanya kazi wakisimamiwa na wataalamu, akiwamo mwongozaji wa Ujerumani, Tom Tykwer. Inahusu kijana Mwas anayetoka kijijini akitaka uigizaji, anaporwa mara tu anapofika jijini, kisha anajikuta kwenye genge la wezi. Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikiwa ni mara yake ya kwanza kupeleka filamu, na mwigizaji mkuu, Joseph Wairimu, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban.

Wenzetu wa Nairobi walikuwa na wafadhili, na mwanafunzi wa Dar es Salaam hana. Lakini yapo mawili anayoweza kuiga bila kulipa senti. La kwanza ni lugha. Waigizaji wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng kama vijana wa Nairobi wanavyozungumza, si kama kitabu cha shule. La pili limo ndani ya hadithi yenyewe. Mwas anapoanza ni mchuuzi wa filamu kijijini, na hakai nyuma ya meza kusubiri mteja. Anaigiza vipande vya mapigano mbele ya watu mpaka wanasogea. Huo ndio upigaji debe, na ndiyo kazi ambayo wanafunzi wengi huona haya kuifanya.

Muziki nao ni njia. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilimtumia mwanamuziki TID, ambaye vijana walikwishamjua. Mwanafunzi wa leo hawezi kumlipa nyota, lakini kila mtaa una kijana anayerap na ana wafuasi wake. Akipewa nafasi na wimbo ndani ya filamu, atawaleta.

Hesabu ya kibanda

Tuchukue mfano. Kibanda kinaingiza watu 50 kwa kiingilio cha Sh500. Jumla ni Sh25,000. Mwenye kibanda akichukua nusu, mwanafunzi anabaki na Sh12,500 kwa kila onyesho. Filamu iliyogharimu Sh6,000,000 itahitaji maonyesho 480 kurudisha mtaji. Iliyogharimu Sh2,000,000 itahitaji maonyesho 160 tu. Maana yake ni kwamba gharama ipangwe kwa kuangalia mfuko wa mnunuzi, kama mkulima anavyopima bei ya mbolea na bei ya mahindi kabla ya msimu.

Maonyesho 160 si mzigo mkubwa. Vibanda 20, kila kimoja kikionyesha mara mbili Jumamosi na mara mbili Jumapili, yanakwisha ndani ya wikiendi mbili. Kasi hiyo ni ya lazima. Filamu ni kama nyanya, haikai. Ikionyeshwa kibanda kimoja leo na kingine mwezi ujao, itakuwa imenakiliwa na kuenea kwenye flashi jiji zima kabla mwenyewe hajarudisha hata nauli. Kila kibanda kiwe na mwanafunzi mmoja anayefika na filamu, anayehesabu vichwa mlangoni na kuondoka nayo.

Hesabu hiyo ina upungufu: vibanda hujaa wavulana. Wasichana wengi hawaingii, na wazazi hawapendi waingie. Hao ni nusu ya soko. Kwao ifaa kukodi ukumbi wenye mwanga na utulivu, kwa mfano Anatoglo pale Mnazi Mmoja, Jumamosi mchana, na kuzungumza na walimu na mama zao mapema.

Wasiuze kwa butura

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura: mtu anachukua fedha kahawa ikiwa bado ua, na msimu ukifika mvunaji ni mwingine. Watengeneza filamu wa Dar es Salaam nao walizoea kumkabidhi msambazaji kanda mama pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja. Kama filamu ingeuzwa sana, faida haikurudi kwao. Mwanafunzi asifanye hivyo. Aisajili kazi yake Cosota kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na akimpa mtu kuisambaza, ampe kwa muda na kwa eneo maalumu, kwa maandishi.

Linabaki suala zito kuliko fedha. Januari 2, 2015 taarifa za kundi la Panya Road ziliwafanya wakazi wa mitaa mingi ya jiji wajifungie ndani mapema, na mwaka 2022 jina hilo lilisikika tena. Baadhi ya waliohusishwa nalo walikuwa na umri wa hao hao wanaotafutwa kuwa watazamaji. Wapo watakaosema kuwa kumwonyesha kijana filamu ya uporaji ni kumfundisha kupora. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini kijana huyo tayari anatazama filamu za bunduki kutoka nje, ambazo hazimwonyeshi mama wa marehemu wala mchuuzi aliyeporwa mtaji wa mwaka mzima. Filamu ya hapa inayoonyesha hayo bila kuficha ina manufaa zaidi kwa mji huu.

Sharti ni kufuata utaratibu. Bodi ya Filamu hukagua kazi na kupanga daraja la umri kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Anayelenga watoto wa miaka 14 aandike hadithi itakayopewa daraja linalowaruhusu kuingia, badala ya kujaza damu kisha kulalamika. Vilevile, maonyesho yawe wikiendi na wakati wa likizo za Juni na Desemba. Filamu inayowatoa watoto darasani saa nne asubuhi itafungiwa, na aliyeifungia atakuwa sahihi.

Mkulima makini huuliza bei sokoni kabla ya kununua mbegu. Mwanafunzi naye, kabla ya kukodi kamera, alipe Sh500 aingie kibanda kimojawapo cha Kariakoo Jumamosi mchana. Awaache wengine watazame filamu, yeye awatazame watazamaji: wanacheka wapi, wananyamaza wapi, wanatoka nje dakika ya ngapi. Mzazi anayeombwa fedha ana haki ya kuuliza kama mwanawe amekwishafanya hivyo.