Prodyusa kijana, meikapu geini ni chenji wala si bonasi

Kama unamiksi ngoma kwa laptopu chumbani kwako Kitale, au una kastudio nyuma ya duka pale Bungoma mjini, kuna kitufe kimoja ambacho huenda kinakupotosha kila siku. Kiko kwenye kompresa. Wengi hukiita meikapu geini; kwenye programu nyingine kimeandikwa geini tu. Msimamo wetu leo ni huu: kitufe hicho kiliwekwa ili kirudishe sauti ambayo kompresa imepunguza. Ni chenji. Ukikigeuza kuwa bonasi unajidanganya mwenyewe, unamdanganya msanii aliyekulipa, na unaua kitu ambacho mziki wa huku kwetu unacho na kwingine hakipatikani.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi huruka.

Kompresa hushusha sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Tuseme umeweka kizingiti kwenye desibeli -20, na uwiano wa 4 kwa 1. Msanii wako anaimba ubeti kwa upole, halafu kwenye kiitikio anapasua hadi -8. Amevuka kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa inaruhusu robo tu ya hizo, yaani 3, kwa hivyo sauti inatoka ikiwa -17. Desibeli 9 zimeliwa. Kiitikio kimezama chini ya biti, na sasa unahitaji kuinua traki nzima ili irudi mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ya meikapu geini.

Kufikia hapo hakuna ubaya wowote. LA-2A, kompresa ya miaka ya 1960 ambayo hadi leo watu wanaiiga kwa plagini, ilikuwa na vitufe viwili vikuu vya kuzungusha: kimoja cha kupunguza vilele vya sauti, kingine cha kuinua sauti. Viwili hivyo vilikaa pamoja kwa sababu vinategemeana. Ukichukua kwa mkono mmoja, unarudisha kwa mwingine.

Shida ni kwamba kitufe hiki hakichagui cha kuinua. Ukiongeza desibeli 9, kilele kilichokuwa -17 kinarudi -8 kama zamani. Lakini kila kitu kilichokuwa chini ya kizingiti, ambacho kompresa haikukigusa hata kidogo, nacho kimepanda desibeli 9. Hiyo ni karibu mara tatu ya ukubwa wa mawimbi yake. Pumzi ya msanii imepanda. Feni ya laptopu imepanda. Boda iliyopita nje imepanda. Na kama umewahi kurekodi Kitale msimu wa mvua, chini ya paa la mabati, unajua ni nini kingine kimepanda.

Mbona basi watu huachilia kitufe hiki kipande tu? Kwa sababu ya sikio.

Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti ikiwa chini, besi na sauti nyembamba za juu kabisa hupotea kwanza. Ukiongeza volyumu, besi inajaa na juu kunang'aa, ingawa mziki wenyewe haujabadilika. Ndiyo maana ukilinganisha spika mbili dukani, ile iliyofunguliwa juu kidogo huonekana ndiyo kali. Tofauti ya desibeli 1 au 2 inatosha kukuyumbisha, na huwezi hata kujua ni volyumu iliyokuyumbisha.

Sasa fikiria kinachotokea ukifungua plagini mpya. Baadhi ya kompresa huja na meikapu ya kujiendesha yenyewe, tayari imewashwa. Mara nyingi mashine inapiga hesabu kutoka kwa kizingiti na uwiano ulioweka, bila kujali sauti iliyo mbele yake. Unaweka plagini, sauti inapanda, unatikisa kichwa na kusema, "Buda, hii ni noma!" Umesifu volyumu. Kompresa yenyewe hujaisikia bado.

Halafu unafanya hivyo kwa sauti ya msanii, kwa gita, kwa ngoma, kwa kinanda. Kila traki imepanda desibeli 3. Nani ameshinda? Hakuna. Ukiinua wote sawa, uhusiano kati yao unabaki vilevile, ila jumla imepanda desibeli 3 na sasa inagonga dari. Unaweka limita mwishoni kuzuia mikwaruzo, nayo inakata vilele vilevile ulivyokuwa umevilipia. Umezunguka Kitale yote ukarudi stejini ulipoanzia, na mafuta yameisha.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa Trans Nzoia na Bungoma kuliko mtu anayetengeneza biti za kompyuta pekee. Chukua litungu. Uhai wa litungu uko kwenye ule mdundo wa kwanza, wakati kidole kinapogonga uzi, kabla sauti haijaanza kufifia. Hapo ndipo unapojua kuna mtu amekaa, ameshika ala, anapiga. Kompresa inayofunga haraka mno, kwa milisekunde 1 kwa mfano, inakamata kidole chenyewe. Ukiongeza meikapu geini juu yake, unainua mkia wa sauti na mngurumo wa chumba. Litungu linaanza kusikika kama kinanda cha bei rahisi kilichowekwa ndani ya mtungi.

Chukua pia chinyimba, zile kengele ambazo watahiriwa wa Kibukusu huzipiga Agosti ya miaka shufwa wakizunguka kualika jamaa. Yeyote aliyewahi kuzisikia barabarani anajua zinavyokata hewa. Mlio huo ni kilele kitupu: unapanda ghafla na kushuka. Ukiubana kisha ukauinua, unabaki na mchakacho unaofanana na sarafu mfukoni. Kijana wa Chwele au Kiminini anayesampo sauti hizi kwa ngoma ya kisasa anafanya kazi ya maana sana. Itakuwa aibu kazi hiyo ife kwenye kitufe kimoja.

Najua jibu lako: "Lakini ngoma yangu ikiwa chini, mashabiki watasonga kwa inayofuata." Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo imepungua. Spotify, iliyofika Kenya rasmi Februari 2021, kwa mpangilio wake wa kawaida hupima kila wimbo na kuusogeza kuelekea kiwango cha -14 kwa kipimo kinachoitwa LUFS, ambacho hukadiria ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. YouTube nayo hushusha nyimbo zilizozidi. Kwa hivyo ukituma ngoma iliyobanwa hadi -8, inashushwa desibeli 6. Ya jirani yako aliyeacha -14 inabaki kama ilivyo. Zote mbili sasa ziko sawa kwa volyumu, ila yake bado ina vilele, ngoma zake bado zinagonga kifua, na yako ni bapa kama chapati. Ulilipa kwa uhai wa wimbo, ukanunua volyumu, halafu volyumu ikachukuliwa.

Redio nayo haitakuokoa. Stesheni za FM kwa kawaida huwa na mitambo yao ya kubana sauti kabla ya kurusha hewani, ili wimbo, tangazo na mtangazaji visikike kwa kiwango kimoja. Ngoma uliyoibana mara tatu inabanwa mara ya nne.

Usidhani hili ni tatizo la watu wasio na vifaa. Mwaka wa 2008 bendi ya Metallica ya Marekani ilitoa albamu ya Death Magnetic, yenye pesa na wataalamu wote unaoweza kuwataja. Mashabiki walilalamika kwamba imebanwa hadi inakwaruza. Waligundua kuwa nyimbo zilezile, ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, zilisikika vizuri zaidi kwa sababu huko hazikuwa zimesukumwa hivyo. Bajeti haikuwasaidia. Nawe kuwa na laptopu ya mtumba si kisingizio, maana suluhisho ni bure.

Kuna hoja moja tunayoikubali. Matatu ya Kitale kwenda Bungoma haina mtambo wa kusawazisha nyimbo. Di-jei kwenye sherehe anachanganya ngoma moja baada ya nyingine, na iliyo chini sana inaonekana kama imeanguka. Sawa. Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja, mwishoni, wakati wa kumasta, miksi ikiwa imeshasimama yenyewe. Haifanywi kwa kila traki, na kila plagini, kwa kitufe ambacho hakikuundiwa hiyo kazi. Na kumbuka kondakta ana kitufe chake cha volyumu, na hana haya kukitumia. Ngoma yenye vilele hai akiifungua, inatikisa gari. Ngoma bapa akiifungua, abiria wanaomba apunguze.

Basi fanya hivi, kuanzia kazi yako ya leo.

Zima meikapu ya kujiendesha. Cheza sehemu yenye sauti kubwa zaidi ya traki, maana hapo ndipo kompresa inafanya kazi. Washa na uzime kompresa ukirekebisha meikapu geini kwa mkono, hadi ukubwa wa sauti uwe sawa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Usifuate sindano inayoonyesha desibeli zilizopunguzwa. Ikionyesha 9, haimaanishi urudishe 9, kwa sababu sindano inapima kilele na wewe unatafuta usawa wa sikio. Mara nyingi utarudisha kidogo kuliko hapo.

Ukishalinganisha, funga macho. Mwambie rafiki abonyeze kitufe cha kuwasha na kuzima bila kukuambia kipi ni kipi. Sasa ndipo unaposikia kompresa yenyewe: je, maneno ya msanii yamekaa mbele bila kuyumba? Je, kidole cha mpiga litungu bado kipo? Kama huwezi kutaja kitu kimoja kilichoboreka, itoe. Traki nyingi hazihitaji kompresa hata kidogo. Kama kidole kimepotea, ongeza muda wa kompresa kuanza kubana, jaribu milisekunde 20 au 30, ili mdundo wa kwanza upite kabla mlango haujafungwa.

Nawe msanii, usikae tu nyuma ukitikisa kichwa. Umetafuta hela zako kwa shida, pengine umeuza mahindi, pengine umepiga kibarua. Prodyusa akikuchezea "kabla" na "baada," na "baada" iko juu zaidi, mwambie asawazishe kwanza volyumu ndipo uamue. Si dharau. Ni haki yako, kama vile kuangalia mzani sokoni kabla ya kulipa. Prodyusa anayejiamini hatakasirika. Anayekasirika amekuambia anachouza.

Na wewe unayesikiliza tu, acha kupima ukali wa ngoma kwa jinsi inavyopiga kelele ikianza. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Isikilize mpaka mwisho. Kama umefika mwisho ukataka kuirudia, hapo kuna kazi ya mtu. Kama umechoka kabla ya ubeti wa pili, ujue kuna mtu alijilipa bonasi kutoka kwa mfuko ambao haukuwa wake.

Kitale na Bungoma zina waimbaji, zina wapiga ala, na siku hizi zina vijana wenye ujuzi wa kompyuta ambao hawangoji mtu wa Nairobi awafungulie mlango wa studio. Kilichobaki ni nidhamu ndogo ya kusawazisha kabla ya kuamua. Sauti ya kwetu ina nguvu ya kutosha tayari. Rudisha tu ulichochukua, kisha uiache iseme.