Kioo Kipya, Bomba Chafu

Hapa Kilangali huona ndege ndogo zikielekea Mikumi. Moja nilipata kuisogelea uwanjani. Mwenyewe alinionyesha kwa fahari vioo vya rangi alivyoviweka mahali pa vipimo vya mishale. Nikamwuliza kilipo kifuniko cha bomba dogo la chini ya bawa, lile lipokealo upepo ili mwendo upimwe. Akacheka: kilipotea zamani.

Mimi sikucheka. Nyigu wa udongo akijenga humo, kioo cha thamani husema uongo sawasawa na mshale mkuukuu. Mwaka 1996 Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, watu wote 189 wakafa. Wachunguzi walidhani wadudu hao ndio walioziba bomba lake, lililoachwa wazi siku kadhaa.

Walimu wanafunzi wangu niliwaambia: usiagize mizani mpya kabla ya kufuta vumbi la ile uliyo nayo. Wenye ndege nao wasikie. Kwanza kifuniko, pili ukaguzi wa fundi kwa tarehe yake, kioo baadaye. Abiria halioni bomba. Anamwamini mwenye ndege. Kumsaliti kwa kukosa kifuniko ni aibu.